SHAHADA MOJA, KAZI MBILI
Uhakiki wa mafunzo sambamba ya ualimu katika Chuo Kikuu

Katika mijadala ya makada na wanafunzi juu ya elimu yetu kuna swali moja ambalo hurudi mara kwa mara, na kila linaporudi hujibiwa kwa haraka. Je, ni sahihi kumfundisha kijana taaluma na kumfundisha ualimu kwa wakati mmoja, ndani ya miaka ileile mitatu, akatoka na shahada ambayo ndiyo hiyohiyo hati yake ya ualimu? Wako wanaosema kwamba mfumo huo unatoa watu nusunusu: nusu msomi, nusu mwalimu. Wako wanaojibu kwamba nchi maskini haina fedha za kumsomesha mtu mmoja mara mbili. Kila upande ukishasema hivyo huona umemaliza kazi.

Sisi tunashikilia kwamba pande zote mbili zinagombania hesabu ya miaka, na kwa hiyo zinakiacha kiini cha jambo bila kukigusa. Tunasema hivyo tukiwa tumepita katika mfumo huo wenyewe, tukafundisha kwa hati tuliyoipata humo, na baadhi yetu tukaiacha chaki mapema kuliko tulivyoahidi. Uhakiki huu basi ni wa kujikosoa pia.

CHIMBUKO LA MFUMO

Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, katika jengo la TANU kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14, na wote walisoma sheria. Walimu wa sekondari wenye shahada walikuwa karibu wote wageni. Mwaka huohuo ulianza mpango wa kuleta Wamarekani na Waingereza kufundisha katika sekondari za Afrika Mashariki. Wengi wao walikuwa na shahada tayari, wakapitishwa Makerere kuchukua stashahada ya elimu kabla ya kupelekwa madarasani. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa Kiingereza: shahada kwanza, kisha mwaka mmoja wa ualimu.

Nchi iliyokuwa ikiwahesabu wahitimu wake kwa vidole haikuweza kuungoja mwaka huo wa nne. Katikati ya miaka ya 1960 Idara ya Elimu ilianzishwa Mlimani, na njia ya sambamba ikachukuliwa: mwanafunzi asome masomo mawili atakayoyafundisha, na kando ya hayo asome elimu, yaani saikolojia, falsafa na historia ya elimu, mitaala, upimaji na mbinu za kufundishia, kisha apelekwe shuleni kufanya mazoezi. Aliyesomeshwa kwa fedha za umma aliahidi kwa maandishi kuitumikia Serikali kwa miaka mitano.

Msomaji akumbuke hali ya siasa ya wakati ule. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi hicho. Karibu 400 walirudishwa makwao, na Mwalimu Nyerere akajipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Deni la msomi kwa wakulima waliomsomesha lilikuwa suala la moto kabisa wakati mfumo wa sambamba ukitambaa. Kwa sababu hiyo mfumo ulizaliwa ukiwa mpango wa nguvukazi. Uliulizwa maswali ya nguvukazi: walimu wangapi, wa masomo gani, kwa miaka mingapi, kwa gharama ipi. Maswali hayo yalikuwa ya haki, na yalijibiwa vizuri. Swali ambalo halikuulizwa kwa uzito uleule ni kwamba mambo haya mawili, taaluma na ualimu, yakishawekwa katika ratiba moja yatakutana wapi.

Hapa tuseme jambo dogo ambalo wapenda mifumo hulisahau. Mwalimu Nyerere mwenyewe hakupita katika njia yoyote kati ya hizo mbili. Alipata stashahada ya ualimu Makerere mwaka 1945, akafundisha St. Mary's, Tabora, kwa zaidi ya miaka mitatu, na ndipo mwaka 1949 alipokwenda Edinburgh kusoma shahada ambayo haikuwa ya ualimu. Alirudi akafundisha Pugu mpaka alipojiuzulu mwaka 1955. Kwake darasa lilitangulia shahada. Aliingia katika maktaba ya Edinburgh akiwa mtu ambaye amekwisha kuulizwa maswali na watoto.

HOJA YA WATENGANISHAJI

Wanaotaka tuurudie utaratibu wa kutenganisha wana hoja moja yenye nguvu. Mwanafunzi wa ualimu anagawa nguvu zake sehemu tatu, mwenzake wa historia tupu anasoma historia kwa wingi zaidi, na kwa hiyo mwalimu anakwenda shuleni akiwa na taaluma pungufu. Ni kweli kwamba anasoma kozi chache zaidi za somo lake. Lakini tujiulize: mwalimu wa kidato cha pili akishindwa kufundisha uchumi wa kikoloni, anashindwa kwa sababu ya ile kozi moja ya mwaka wa tatu ambayo hakuisoma? Sisi hatujamwona mwalimu wa namna hiyo. Tumewaona wengi wanaoujua uchumi wa kikoloni barabara, na ambao darasa linawalalia mbele ya macho yao.

Zaidi ya hayo, utaratibu wa kutenganisha unaugeuza ualimu kuwa kiraka. Stashahada ya uzamili ya elimu, kwa waliokwisha kupata shahada nyingine, inatolewa pia hapa kwetu, na tunawafahamu walimu hodari waliotokana nayo. Lakini ikifanywa kuwa mlango pekee, tutawapokea mlangoni kwanza wale waliozitafuta kazi nyingine wakazikosa. Na gharama ya mwaka wa nne italipwa na nani? Mwenye pamba na mwenye korosho hawakuulizwa.

Kwa hiyo hatuungi mkono kutenganisha. Lakini tunawalaumu pia watetezi wa sambamba kwa kuamini kwamba vitu viwili vikikaa katika ratiba moja vimekwisha kuungana. Mwanafunzi wa sambamba hutembea. Asubuhi yuko kwenye jengo la historia au la hisabati, mchana yuko kwenye jengo la elimu, na majengo hayo mawili hayazungumzi. Anayemfundisha hisabati hajui, wala si kazi yake kujua, jinsi mtoto wa kidato cha kwanza anavyokosea. Anayemfundisha mbinu anakutana na wanafunzi wa masomo mengi, na hawezi kuingia ndani ya kila somo. Kazi ya kuunganisha inaachwa mikononi mwa kijana wa miaka 22, peke yake, akiwa njiani kati ya jengo na jengo.

SEHEMU MBILI KWA TANO

Tuuchukue mfano wa hisabati, kwa sababu hapo jambo linaonekana wazi. Mtoto anaulizwa nusu kuongeza theluthi ni ngapi. Anaandika 2/5. Kila mwalimu wa nchi hii amekwisha kuiona 2/5 hiyo, na karibu kila mmoja ameitia mkasi, akaandika ubaoni kanuni ya kutafuta asili ya pamoja, akaendelea mbele. Wiki inayofuata 2/5 imerudi.

Mtoto yule hakubahatisha. Amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na iko hali ambayo kufanya hivyo ni sahihi kabisa. Mchezaji aliyepiga penalti mbili akafunga moja, na siku nyingine akapiga tatu akafunga moja, amefunga mbili kati ya tano. Watoto wanaijua hesabu hiyo kutoka uwanjani. Kosa lao ni kuipeleka mahali ambapo nusu na theluthi ni vipande vya kitu kimoja kilekile, kama mkate mmoja, ambapo nusu peke yake imeipita 2/5, sembuse nusu iliyoongezewa theluthi. Mwalimu anayeliona hilo ana la kumwambia mtoto: wewe umejibu swali jingine, njoo tulitofautishe na hili. Mwalimu asiyeliona ana mkasi tu.

Sasa ujuzi wa kuiona penalti ndani ya 2/5 unafundishwa katika jengo lipi? Katika jengo la hisabati mhitimu wetu amesoma aljebra ya juu na kuthibitisha nadharia ambazo hatazigusa tena maishani, na sehemu za kawaida hazikutajwa, kwa kuwa zilidhaniwa zimeachwa shule ya msingi. Katika jengo la elimu ameambiwa atumie zana, amshirikishe mwanafunzi, na aandike malengo mahsusi katika andalio la somo. Yote ni maelekezo mema, na hakuna hata moja linalogusa 2/5. Mwaka 1986 Mmarekani Lee Shulman alitoa hoja kwamba uko ujuzi wa tatu, ambao si taaluma tupu wala si mbinu tupu: ujuzi wa somo lenyewe jinsi linavyofundishika na jinsi linavyomkwamisha anayejifunza. Hoja yake ilisomwa na kunukuliwa duniani kote. Lakini mtu hahitaji kwenda Marekani kuliona jambo hili. Kila mwalimu mzee wa nchi hii ana ujuzi huo wa tatu. Aliupata peke yake, kwa miaka, hakupewa cheti chochote kwa ajili yake, na akistaafu anaondoka nao.

Katika historia hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hapo tulikuwa na utajiri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na jina katika historia ya Afrika. Terence Ranger alifundisha pale, na Walter Rodney alikuwa pale alipotoa mwaka 1972 kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Mhitimu wa sambamba aliondoka Mlimani akiwa na hoja hizo mkononi. Akapangiwa, tuseme, Songea. Akasimama mbele ya darasa, akaeleza kwa muhtasari ubaoni jinsi kazi ya vibarua ilivyohamishwa kutoka mikoa ya pembezoni kwenda mashambani, na watoto wakanakili. Katika darasa hilo walikuwamo watoto ambao babu zao walikwenda Tanga kukata mkonge wakiwa manamba, wakakaa miaka, na wengine hawakurudi. Habari yote ya somo ilikuwa nyumbani kwa watoto. Mwalimu hakuwatuma wakaulize. Hakuwa mvivu, ila hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha kwamba hoja kubwa ya maktabani na mzee aliyekaa chini ya mwembe ni somo moja.

Na tusiisahau lugha. Mhitimu huyu alifundishwa kufundisha kwa Kiingereza, akatungiwa mtihani wa mbinu kwa Kiingereza, kisha akakutana na kidato cha kwanza kilichosoma miaka saba kwa Kiswahili. Kila mtu anajua kinachotokea: anaeleza kwa Kiingereza, anaona macho yamefumba, anageukia Kiswahili, anarudi kwenye Kiingereza kutoa muhtasari. Huo ni ufundi mkubwa, na mfumo wetu umeuacha ujifunzwe kwa siri kama wizi. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu, iliyoanzishwa mwaka 1970, inafundisha kwa Kiswahili, na mwanafunzi wake hulisoma somo lake kwa lugha ileile atakayolifundishia. Wenzake wanasoma katika lugha moja na wataokolewa na nyingine.

MAZOEZI

Watetezi wa mfumo watatuambia kwamba mahali pa kukutana pamekuwapo siku zote, nayo ni mazoezi ya kufundisha. Kwa nadharia ni kweli. Tueleze tulivyoyaona sisi.

Tulipofika katika shule tuliyopangiwa tulipokelewa kwa furaha kubwa, na sababu ya furaha ikajulikana kesho yake: walimu wawili wa masomo yetu walikuwa wamepata mapumziko. Tulikabidhiwa vipindi vyao vyote. Hapakuwa na mtu wa kukaa nyuma ya darasa kutuona, wala sisi hatukupata kumwona mwalimu mzoefu akifundisha hata kipindi kimoja. Mtathmini kutoka Chuoni alifika, akaketi, akajaza fomu. Alikuwa mtu mwema na mwenye haraka, kwa sababu alikuwa na shule nyingine tatu siku hiyo. Alitusahihisha juu ya mpangilio wa ubao na juu ya andalio la somo. Kuhusu tuliyokuwa tukiyafundisha hakusema kitu, maana somo letu halikuwa somo lake. Tulifaulu. Kwa alama ile tukawa walimu.

Hatumlaumu mtu yule, na walimu wale wawili walistahili mapumziko yao kuliko sisi tulivyostahili alama zetu. Lakini huko ndiko hati ya ualimu inakotoka. Mtu pekee ambaye angeweza kusema kwa haki kama tunajua kufundisha ni mwalimu mwenyeji wa somo, naye hakuulizwa.

NGAZI

Kuna sababu nyingine ya mambo haya mawili kutokukutana, nayo iko nje ya darasa. Mfumo wa sambamba unatoa hati mbili katika karatasi moja, na soko halizipi thamani sawa. Mtu anaweza kuingia kwa mlango wa ualimu na kutoka kwa mlango wa shahada. Baada ya Bodi ya Mikopo kuanza kazi mwaka 2005, na ualimu kuwekwa katika fani za kipaumbele, wengi waliuchagua kwa sababu huko ndiko mkopo ulikokuwa. Walimu wenye stashahada nao walikwenda vyuoni, pamoja na Chuo Kikuu Huria kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na mara nyingi walilolitafuta lilikuwa daraja la mshahara, kwa sababu daraja hilo halipatikani kwa kufundisha vizuri zaidi.

Hata safari za viongozi wetu zinalionyesha hili. Marehemu Rais John Magufuli alichukua stashahada ya ualimu Mkwawa, akafundisha Sengerema, akaenda Mlimani kusoma shahada ya sayansi na elimu, masomo ya kemia na hisabati, akahitimu mwaka 1988. Mwaka uliofuata alikuwa mkemia wa Chama cha Ushirika cha Nyanza. Hakuvunja kanuni yoyote. Alifanya lile ambalo shahada ile ilimruhusu kufanya, na ushirika nao ulihitaji wakemia. Sisi tunalotaka lionekane ni kwamba ngazi ilijengwa ikiegemea darasa, na juu yake hakuna chumba kingine cha darasa. Kila anayepanda anatoka.

Liliwahi kufanyika jaribio moja ambalo, kwa maoni yetu, lilikaribia kulitatua tatizo bila kulikusudia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka mtu asiingie Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Alitakiwa kwanza amalize Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili, na apate sifa nzuri kutoka mahali pa kazi na kwenye Chama. Lengo lilikuwa kuwang'oa wasomi kasumba. Masharti yale yalikuwa na kasoro zake. Yaliwachelewesha wanawake, wakasamehewa mapema, na baadaye yakalegezwa kwa wengine pia. Lakini yaliwaleta katika vyumba vya mihadhara watu waliokwisha kufundisha, na watu hao walikuja na 2/5 zao mfukoni. Walipolegezewa masharti waliofuata, hakuna aliyesimama kuuliza tunapoteza nini upande wa ualimu.

NANI ATIE SAHIHI

Tangu mwaka 2005 jambo limekuwa kubwa zaidi. Vyuo vishiriki vya Chang'ombe na Mkwawa vilianzishwa mwaka huo, shule za kata zikajengwa nchi nzima, na kwa muda uhaba ukazibwa hata kwa vijana wa kidato cha sita waliofundishwa kwa majuma machache wakapewa leseni. Vyuo vingine vikafuata. Kisha ajira ikapungua, na leo wako wahitimu wengi wa ualimu wanaokaa nyumbani ilhali shule za vijijini hazina mwalimu wa hisabati na fizikia. Mwanzoni mwa mwaka 2025 walimu waombaji kazi waliitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, wakapewa mtihani wa kuandika. Kabla ya hapo, mwaka 2018, ilitungwa sheria ya Bodi ya Kitaaluma ya Walimu, ili usajili na leseni viwe jambo la pekee, mbali na shahada.

Wahitimu wengi wamenung'unika. Wanauliza iweje dola iliyowapa hati ya ualimu isiiamini hati yake yenyewe. Swali lao ni zuri, na jibu lake halimo katika usaili. Mtihani wa kuandika unapima tena kilekile ambacho Chuo kilikwisha kukipima.

Sisi tunapendekeza hati ibaki ndani ya shahada, sambamba kama ilivyo, lakini isitolewe bila sahihi ya mwalimu mwenyeji wa somo ambaye amekaa na mwanafunzi muhula mzima katika mwaka wa mwisho, akamwona na akaonwa naye. Mwalimu huyo apunguziwe vipindi na apewe malipo, na cheo chake kipande akiwa darasani humohumo. Idara za taaluma nazo zitoe mhadhiri mmoja kwa kila somo, atakayekwenda shuleni pamoja na mtathmini wa elimu, ili 2/5 iweze kufika Mlimani.

Tunaujua ugumu ulio mkubwa kuliko fedha. Mwalimu mwenyeji tunayemtaka atie sahihi ni mhitimu wa mfumo huuhuu. Katika shule nyingi alifika miaka minne au mitano tu iliyopita, akakabidhiwa vipindi vya watu waliokuwa mapumzikoni, na alipoiona 2/5 mara ya kwanza aliitia mkasi. Itatubidi kuanza na wachache, na kwanza wale ambao wilaya zinawajua kwa majina na ambao wamebakiza miaka miwili au mitatu kustaafu.